Mshindo Usiopiga Hodi

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepiga mshindo asubuhi nzima. Dum-dum. Dum-dum. Spika kubwa kuliko makabati, kuta nene, viti vichache katikati, na mimi ndani nikipima kama sauti ya leo ni ileile ya Ijumaa. Ni ileile. Kichwa kinanigonga. Kiyoyozi cha ofisi hii kimeapa kuniua kwa baridi, na nje Guangzhou inatokota.

Ndiyo kazi yangu. Ndege ikienda kasi kuliko sauti, chini husikika mshindo wa mapigo mawili, hata kama iko juu mno huioni. Sisi tunaunda ndege ndogo ya kasi hiyo, ya matajiri na shughuli zao. Mimi napima mshindo wake unavyomkera mtu aliye chini. Watu wanaingia humu kibandani, wanasikia, wanaandika wamekereka kiasi gani. Kisha natia sahihi. Bila sahihi yangu ripoti ni karatasi ya kufungia maandazi.

Bosi Luo anaiita ndege endelevu. Neno hilo halimtoki mdomoni. Endelevu kwa kuwa itaruka kwa mafuta yanayotengenezwa kutokana na mafuta machafu ya kukaangia, yale mikahawa inayamwaga. Sawa. Naipenda ndege hii, humu sina wa kumdanganya. Wei, mchoraji wetu, ameipa pua ndefu nyembamba. Kwa pua hiyo, na rubani akizuia mwendo, mshindo unafifia mpaka unakuwa kama jirani anafunga mlango wa gari. Nilipousikia mara ya kwanza nilipiga kigelegele, ofisi nzima wakanikodolea macho.

Sasa leo wamebandika ramani. Penye sheria ya kukataza mshindo, ndege itajizuia. Pasipo na sheria, mwendo kamili. Mstari mwekundu unatoka Ghuba unashuka hadi Afrika Kusini. Nimeufuata kwa kidole. Unapita Tanga. Tanga yetu! Pembeni wameandika "eneo wazi". Wazi kwa nani? Mama yangu ana chekechea pale. Watoto wakilala mchana, ukidondosha kijiko wanaamka wote wanalia.

Sijala mchana. Nimekasirika mno.

Jumatano, 10 Septemba

Nimegombana na Luo.

Nimemwambia mstari uondoke. Akasema hakuna sheria inayouzuia. Nikasema sheria isipokuwepo, masikio yapo. Akatabasamu. Luo amekulia dukani, baba yake aliuza viatu masoko ya Sanyuanli, na akitabasamu hivyo ujue anakupimia bei. Akasema malalamiko ya mtu mmoja si utafiti. Nilete wasikilizaji Waafrika. Wakisema unakera, mstari utahama. Wakisema haukeri, natia sahihi na sitaki kusikia neno jingine.

Nikampa mkono palepale. Kwa nini nisimpe? Mshindo ule wa mwendo kamili unamfanya mtu mzima aruke kitini.

Wei alinifuata kwenye ngazi. Akaniambia ukipatana na Luo, chunguza kila neno, na hasa lile ambalo hakulisema. Nikamwambia asinitishe. Mimi mtoto wa Tanga, maneno ndiyo tuliyonyonyeshwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa mjini, tangu asubuhi. Nimepanda jengo hadi jengo pale barabara ya Huanshi Zhonglu nikitafuta wasikilizaji. Jasho limenilowesha hadi mtandio.

Bi Salma ndiye aliyeniokoa. Mzanzibari, mtu mzima, ana mkahawa mdogo ghorofani, na hakuna mfanyabiashara wa kwetu mjini hapa ambaye hajala pilau yake. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakuuliza mengi. Akasema, "Mwanangu akiniita kazini kwake, mie nisiende?" Akaanza kupiga simu. Hata Mzee Shomari wa Kariakoo amekubali, yule anayepeleka mabegi Dar es Salaam kwa makontena. Watakuja Jumatatu, kundi zima.

Nimerudi na furaha. Luo atakiona cha mtema kuni.

Jumatatu, 15 Septemba

Wamekuja wamependeza. Kanzu zimepigwa pasi, udi unanukia hadi kwenye lifti. Bi Salma kaleta sambusa beseni zima, ati mtu haendi kwa mwenyeji mikono mitupu. Na mimi nimewapokea kwa heshima zote. Chai ya tangawizi nimepika mwenyewe. Nimewashukuru mmoja mmoja. Nimewaambia hii ndiyo kazi yangu, nimeisomea, na leo wananisaidia. Wamefurahi. Wameniombea dua.

Tukaingia. Nikaupiga wa mwendo kamili.

Bi Salma aliruka, akashika kifua, "Subhanallah!" Mama mmoja alimwagikiwa na chai mapajani. Mzee Shomari alitazama dari kana kwamba inaanguka. Nikaupiga tena. Tena. Nikawaona kupitia kioo wanavyojikunyata kila nikikaribia kitufe. Nikajisemea, tayari, nimeshinda.

Kisha nikakusanya majibu. Haukeri. Haukeri kabisa. Haukeri. Mzee Shomari: kidogo tu, si neno. Bi Salma, aliyeshika kifua: haukeri hata chembe.

Wote! Nimesoma mara mbili tatu. Wakaniaga kwa bashasha, wakanishika mikono, wakaniambia hongera, kazi nzuri. Nimejifungia chooni nikalia kwa hasira.

Jumanne, 16 Septemba

Luo anacheka peke yake. Amenunulia ofisi nzima vinywaji. Amesema mbele ya watu kwamba atawaambia wawekezaji kuwa sikio la Mwafrika ni vumilivu. Vumilivu! Damu imenichemka mpaka masikio yakawasha. Anataka sahihi kabla ya mkutano wa tarehe ishirini na sita.

Nilimpigia Bi Salma. Sikumzungusha. Nilimuuliza kwa nini wamenifanyia vile, na mimi niliwaona kwa macho yangu. Akasema, "Umetukaribisha, umetupikia chai, umetwambia ndiyo kazi yako. Halafu mie nikwambie kitu chako kibaya, mbele ya mabosi zako? Nimelelewa mie."

Ndiyo hivyo. Wamenisitiri. Wamekunywa chai yangu, wakanifunikia kombe. Wageni hawatii dosari kilicho cha mwenyeji, hata kama chakula ni chumvi tupu watasema kimekolea. Mimi nimelelewa vivyo hivyo. Ningekuwa kwenye kiti chao ningejibu hivyohivyo. Shahada zote hizi, na sikuliona hilo lililo puani pangu. Mjinga mimi.

Mama aliuliza jana kama nakula vizuri. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya swala nilimsindikiza Mzee Shomari Sanyuanli. Nilitaka kumwomba abadilishe jibu lake. Nikaona aibu, nikabaki namfuata tu kutoka duka hadi duka.

Loo, yule si mzee aliyekuja kibandani kwangu! Kapewa begi la sampuli. Akavuta zipu, akafunga, akavuta, akafunga. Akanusa. Akaligeuza ndani nje. Akalitia mawe ya mizani ya mwenye duka, akalining'iniza kidoleni, akangoja. Muuzaji anamsifia, anamletea kiti, anamwekea chai. Chai akanywa. Mshono ulipoanza kuachia akamrudishia begi lake. "Buyao." Sitaki. Neno hilo hapa tunalisema siku nzima. Mwenye duka akalalama kwamba ni bora, ni la kwanza. "Buyao." Akaondoka bila kugeuka.

Nilisimama katikati ya watu na mikokoteni, nikacheka kama mwehu. Mtu yuleyule! Mgeni wangu aliniambia si neno. Mnunuzi hamwachii mtu hata uzi mmoja.

Nimemuuliza, Mzee wangu, ningekuletea ule mshindo kama sampuli ungesemaje? Hakufikiri hata kidogo. "Ningekurushia." Nikamwomba waje tena kesho kutwa. Akaniuliza kama safari hii nakaribisha au nauza. Nikamwambia Luo ndiye anayeuza. Akavuta kofia yake mbele, akasema basi watakuja na njaa ya kununua.

Jumapili, 21 Septemba

Leo hapakuwa na chai. Sikupika, sikumshika mtu mkono, sikumwita mtu mama. Imenichoma. Bi Salma alinikonyeza alipopita, nikajua amenielewa.

Luo nilimwambia anahitajika kuwapo. Alikuja akidhani ni kupigwa picha na wavumilivu wake. Nikamweka mbele yao, nyuma ya meza. Nikawaambia: huyu laoban, mwenye mzigo, anauza sauti. Itapita juu ya paa la nyumba yako kila siku, saa usiyoijua. Ukishapokea, hairudi. Chunguzeni mzigo.

Nikapiga.

Mungu wangu. Maswali yalimwagika. Bi Salma alitaka isikike tena madirisha ya mfano ya kibandani yakiwa yamefungwa, kisha yakiwa wazi. Akauliza itakuwaje kama mtoto mchanga amelala. Akauliza kuhusu mgonjwa wa presha. Mama aliyemwagikiwa na chai juzi akauliza ng'ombe watafanyaje, na vyombo kabatini, na nyumba ya udongo yenye ufa. Mmoja akaomba sampuli nyingine, nikampigia ile ya pua ndefu na mwendo wa kujizuia. Wakatazamana. Wakasema, kumbe mnayo nzuri, mmeificha chini ya meza?

Luo alianza kutetea. Sauti ni bora. Ni fupi. Si kila saa. Nilimwangalia akigeuka muuza viatu mbele ya macho yangu, kifua mbele, mikono inacheza. Nusura nimpende.

Ndipo Mzee Shomari akauliza lile swali wanalomuuliza kila muuzaji mjini hapa. "Laoban, wewe mwenyewe nyumbani kwako unaitumia?"

Luo akaanza kupanga karatasi zake mezani. Kwao haipiti. Kwao kuna sheria.

"Buyao," Mzee akasema. Akasimama, akatoka. Na Bi Salma. Na wote. Walitembea polepole, jinsi wanunuzi wanavyotembea wakingoja kuitwa. Luo hakuwaita.

Majibu yao ninayo. Unakera. Unakera sana. Haufai. Mmoja ameandika tu: rudisha kiwandani.

Nimelala mchana usingizi mzito.

Jumanne, 23 Septemba

Nilijua atakuja juu. Luo anasema jaribio la pili ni batili. Nimewachochea. Nimeligeuza soko. Nitie sahihi lile la kwanza, ambalo nililiandaa mwenyewe kwa utaratibu wa kampuni.

Nimemwambia ng'o.

Akanikumbusha kwamba mkataba wangu unakwisha mwezi ujao, na kibali changu cha kuishi hapa kimefungwa na mkataba. Alisema kwa upole, hata kiti alinivutia. Nikamwambia mimi ndiye niliyefanya majaribio yote mawili, na la kwanza limeharibika kwa mkono wangu, na sababu yake nimeiandika ripotini kwa herufi kubwa. Ama yanakwenda pamoja, ama haliendi hata moja. Sahihi yangu si chapa ya ng'ombe, kila anayepita ajigongee.

Naogopa. Naandika kama ilivyo. Nimejenga jina hapa kwa taabu. Nikirudi nyumbani, nani Tanga ana kibanda cha mshindo? Lakini sahihi ile siitii. Liwalo na liwe.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimempigia Mama, nimemweleza yote. Nilidhani atasema nirudi, au nivumilie. Akauliza ndege yenyewe nzuri? Nikasema nzuri Mama, nzuri mno, ndiyo inayouma. Haichimbiwi mafuta mapya. Ikienda kistaarabu huisikii. Akafikiri. Akasema, "Basi si waipitishe kistaarabu. Hata jirani mwenye gari la kifahari anapiga hodi."

Nyuma yake watoto wanaimba herufi. Wamepotea njia katikati, wameanza upya. Nimeongea na Mama mpaka salio likakata.

Ofisini hakuna anayekaa meza moja na mimi ila Wei. Leo amekuja na chakula chake akakaa kando yangu. Ile pua kaichora miaka. Naye hataki ndege ipite mahali ikinguruma.

Ijumaa, 26 Septemba

Mkutano umekwisha. Sijui niandikeje.

Nilivaa gauni la bluu na mtandio mwekundu, nionekane hata na aliyekaa mwisho. Wawekezaji wamejaa meza ndefu. Nikasimama kabla sijaitwa. Nikawapa ripoti moja yenye majaribio mawili. Nikawaeleza kwa nini la kwanza halifai, adabu ya mgeni na yote. Wengine walicheka, si kwa ubaya. Mama mmoja mtu mzima alitikisa kichwa akasema hata bibi yake angejibu hivyo, usingempata akisema chai ya mtu mbaya. Kisha nikawapigia mshindo kwa spika za ukumbi bila kuwaonya. Glasi zililia. Mtu mmoja alitukana.

Nikakaa. Nilikuwa nangoja kufukuzwa.

Luo akasimama. Akafunga kitufe cha koti. Akasema yeye ni mtu wa neno lake, na alimwahidi Mwanaidi, akaninyooshea kidole, kwamba wasikilizaji wakikataa mstari utahama. Mstari utahama. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Nikapiga hadi viganja vikauma! Wei hakupiga, nikamwona lakini sikujali.

Nimempigia Bi Salma, amepiga vigelegele hadi wateja wake wakadhani kuna harusi.

Jumamosi, 27 Septemba

Luo aliniita ofisini mwenyewe, Jumamosi. Mkataba mpya mezani. Mshahara mzuri kuliko wa kwanza. Na ramani.

Mstari umehama. Hauendi tena pwani. Unapinda magharibi, unapita mashariki ya Kongo, unashuka hadi Lubumbashi, ndipo unakwenda kusini. Mwendo kamili. Wateja wa migodi ya shaba wataupenda, amesema, wana haraka. Pembeni: eneo wazi.

Nikamtazama. Akanitazama bila soni. Tanga iko salama, akasema. Mama yako yuko salama. Tulipatana utahama, umehama. Sasa tia sahihi huu mpya, jaribio fupi tu, hata wale wa juzi wanatosha, wote si Waafrika?

Kweli nilikuwa nimepatana hivyo. Mstari uhame. Sikusema uende wapi. Wanunuzi wangu wangeniona mshamba.

Nakiri kalamu niliishika. Niliona chekechea ya Mama imetulia, watoto wamelala. Niliona nyumba yangu hapa, kazi yangu, kibanda changu. Nilifikiri, Kongo mimi nina nani? Kisha nikajisikia ninavyofikiri. Ndivyo Luo alivyofikiri alipochora Tanga.

Nimeiweka kalamu mezani. Nimemwambia ana ndege nyamavu inayoweza kupita popote, juu ya mtu yeyote, hata juu ya kwao, na anachoniomba ni sahihi ya kumtafutia mtu wa kumpigia kelele. Buyao. Nikaacha mlango wazi nyuma yangu.

Alisema nitajuta. Labda.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeamka bila kazi. Nimefua. Nimenywa chai taratibu. Mvua ilinyesha ikaisha.

Wei alipita mlangoni, akanipa sauti zote mbili, ya mwendo kamili na ya kujizuia, kwenye kidude kidogo kama ukucha. Hakutaka kuingia. Amesema pua ni yake na mshindo wake atampa amtakaye.

Nikaenda Sanyuanli. Bi Salma alinielekeza kwa Mama Béatrice, mwanamke wa Lubumbashi anayenunua spika za makanisa, zile ndefu kumzidi mtu. Nilimkuta dukani kati ya maboksi, anapanga mzigo. Nikamsalimu, nikamweleza mimi ni nani na mstari unapita wapi, nikamwomba auchunguze mshindo kabla haujafika kwao. Nikamwambia mapema, spika zake haziwezi kushuka chini kama za kibanda, sauti halisi ni nzito zaidi ya hiyo atakayoisikia.

Alinisikiliza huku anafunga kamba. Aliniuliza kama serikali yao inajua. Nikasema sidhani. Aliniuliza nani amenituma. Nikasema hakuna.

Akakitazama kile kidude kwenye kiganja changu. "Bon, haya. Weka, nisikie."

Akamwambia mwenye duka azime muziki. Akavuta stuli, akakaa mbele ya spika, akavua hereni.

Nikabonyeza.